Simba na Binti Yetu: Namna Tulivyomwandaa Mbwa wa Nyumbani

Nilipopata ujauzito wa kwanza, swali ambalo ndugu na majirani waliniuliza mara nyingi zaidi, baada ya lile la hali yangu, lilimhusu mbwa: Simba mtamfanyaje mtoto akija? Tunaishi Nyegezi, jijini Mwanza, katika nyumba iliyokaa kati ya majabali kama zilivyo nyingi za huku, na Simba, dume wa kienyeji mwenye manyoya ya kahawia, tulimlea tangu akiwa kijibwa. Usiku alilinda uwanja, mchana alilala mlangoni mwa jiko, na asubuhi na mapema nilitembea naye hadi ufukweni upande wa Luchelele, mahali wavuvi wanapopandisha mitumbwi yao. Wapo walioshauri apelekwe kijijini, wapo walioshauri afungwe mnyororo usiku na mchana, na wapo walioona kwamba hakuna haja ya kufanya chochote kwa kuwa mbwa ni mbwa tu na atazoea. Sisi tuliamua abaki, lakini abaki kwa maandalizi. Ninaandika haya kwa sababu najua familia nyingi zinazofuga mbwa hufikia uamuzi huo huo bila kupata mtu wa kuwaeleza nini hasa cha kufanya.

Jambo ambalo ningependa lieleweke kabla ya mengine yote ni hili: kinachomsumbua mbwa mtoto anapozaliwa mara nyingi si mtoto mwenyewe, bali ni maisha yake yote kubadilika kwa siku moja. Aliyekuwa akimlisha hamlishi tena, matembezi ya asubuhi yamekoma, mlango uliokuwa wazi umefungwa, watu wanamfokea kwa mambo ambayo juzi yaliruhusiwa, na katikati ya hayo yote kuna kiumbe kipya chenye sauti na harufu ngeni. Mbwa hana namna ya kuelezwa sababu. Atakachofanya ni kuyaunganisha mambo yaliyotokea pamoja, na hasara zake zote ataziweka kwa huyo aliyeingia siku hiyo. Kwa hiyo kila kitu kitakachobadilika ni lazima kianze kubadilika miezi kadhaa kabla mtoto hajazaliwa, kidogo kidogo, ili siku mtoto anapofika mbwa asikute cha kumlaumu.

Tulianza na afya. Daktari wa mifugo alimpima Simba, akarudia chanjo yake ya kichaa cha mbwa, ambayo huku kwetu mbwa hupewa akiwa na umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, kisha akampa dawa ya minyoo na kutuelekeza tuwe tunampa kila baada ya miezi mitatu. Minyoo ya mbwa si jambo la kupuuzwa nyumbani mwenye mtoto, kwa sababu mayai yake hutoka na kinyesi, hukaa kwenye udongo, na mtoto anayetambaa huishia kuyala kwa mikono yake mwenyewe. Lililonifariji ni kuelezwa kwamba mayai hayo huhitaji wiki kadhaa kwenye udongo kabla hayajaweza kumwambukiza mtu, na kwamba nyumba inayozoa kinyesi kila siku na kukifukia mbali huwa imeondoa sehemu kubwa ya hatari. Tangu siku hiyo koleo la kazi hiyo limesimama nyuma ya banda na halitumiki kwa kazi nyingine. Simba pia tulimwogesha kwa dawa ya kupe na viroboto, tukachoma matambara yote ya zamani aliyokuwa akilalia. Niongeze hapa, kwa kuwa wajawazito wengi hulichanganya, kwamba ule ugonjwa wa toksoplasma ambao tunaonywa kliniki huenezwa na kinyesi cha paka pamoja na nyama isiyoiva vizuri. Si mbwa anayeutoa kwa njia hiyo.

Kuhusu kichaa cha mbwa sitaki kupita haraka. Mama mkwe wangu alivuka kutoka Sengerema kwa kivuko cha Kamanga ili anisaidie miezi ya mwisho, na yeye ndiye aliyepinga zaidi Simba kubaki. Nilidhani hampendi mbwa, kumbe nyumbani kwao walikua na mbwa wa machungani na anawajua vizuri kuliko mimi. "Mwanangu," aliniambia, "simwogopi mbwa ninayemwona. Naogopa ule ugonjwa." Akiwa msichana alishuhudia mtoto wa jirani aliyeng'atwa na mbwa mpitaji akitibiwa jeraha kwa majani, likapona, na baada ya muda mtoto akaanza kushindwa kumeza maji, wala hakupona. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani karibu asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Lakini ni ugonjwa unaozuilika tangu zama za Louis Pasteur, aliyemchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa nyumbani. Nilimwonyesha Mama kadi ya chanjo ya Simba, akaisoma tarehe zote, akaiweka mwenyewe kwenye kabati la vyombo mahali ambapo kila mtu angeiona. Hakusema amekubali, ila hakurudia tena kutaka aondolewe.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza mabadiliko ya ndani ya nyumba. Simba alikuwa amezoea kuingia sebuleni mvua ikinyesha na kulala chini ya meza. Tulijua kwamba mtoto akija sebule ingekuwa ya mkeka, nepi na watu waliokaa chini, kwa hiyo fundi seremala alitutengenezea kizuizi cha mbao cha kufikia kiunoni, tukakiweka mlangoni, na kibarazani tukamwandalia Simba kitanda cha gunia lililojazwa majani makavu mahali mvua isipofika. Siku za mwanzo alisimama mbele ya kizuizi akilalamika kwa sauti nyembamba. Hatukumfokea wala hatukumfungulia. Alipokwenda kulala kwenye gunia lake, ndipo mtu alipomfuata huko na kumpa kitu. Chakula chake, ugali wa dona na dagaa, nilikuwa nikimpa mimi saa yoyote nilipomaliza kupika. Tukahamishia kazi hiyo kwa mume wangu na shemeji yangu mdogo, na saa tukazifanya zibadilike kidogo, kwa sababu nyumba yenye mtoto mchanga haina saa. Matembezi ya ufukweni yalipokezwa taratibu: kwanza tulikwenda watatu, kisha mume wangu akawa ndiye anayeshika kamba, na mwishowe nikawa nabaki nyumbani. Hayo yote yalikuwa yamekamilika kabla tumbo halijawa kubwa sana, na nashukuru kwamba Simba alipata muda wa kuyahuzunikia na kuyazoea huku mtoto akiwa bado hajaonekana.

Dagaa ndio waliotusaidia kuliko kitu kingine chochote, na mtu wa kandokando ya Ziwa Viktoria hahitaji kutafuta zawadi ya mbwa dukani. Tulinunua Mwaloni Kirumba dagaa waliokaushwa bila chumvi, tukawatoa mchanga, tukawaweka kwenye kopo lenye mfuniko karibu na mlango. Mume wangu alirekodi kwenye simu kilio cha mtoto wa dada yake, akawa anakicheza kwa sauti ya chini sana Simba akiwa anakula. Mara ya kwanza Simba aliinua kichwa, masikio yakasimama, akaitazama simu, akautazama mlango, kisha akarudi kwenye bakuli. Dagaa wawili watatu wakadondoshwa mbele yake. Sauti iliongezwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, na kila alipoonyesha wasiwasi ilirudishwa chini, mpaka ikafika mahali kilio kikisikika anamtazama mume wangu akingoja samaki wake. Mafuta na sabuni tutakazotumia kwa mtoto nilianza kuzitumia mimi mwenyewe, na jioni nilipita uwanjani nikiwa nimekunja kanga mbili mikononi kana kwamba nimebeba mtu, nikimfundisha Simba kukaa chini badala ya kuniparamia. Majirani walinitazama kwa mshangao, nami niliwaeleza kila aliyeuliza.

Binti yetu alizaliwa usiku. Kabla hatujaruhusiwa kutoka wodini, mume wangu alichukua kofia aliyovishwa mtoto kwa saa chache akaipeleka nyumbani ndani ya mfuko safi. Aliishika mkononi, akasimama kwa utulivu, akamwacha Simba aisogelee mwenyewe. Hapo pana jambo dogo lenye maana kubwa: nguo haisukumwi puani mwa mbwa wala hatupiwi achezee, kwa sababu kinachofundishwa ni kwamba harufu hii ni ya mtu mwenye kuheshimiwa. Simba alinusa pindo, akapiga chafya, akanusa tena kwa muda mrefu pua ikitikisika, kisha akaketi na kumtazama mume wangu usoni. Akapewa dagaa, akasifiwa, kofia ikarudishwa mfukoni. Wakarudia kesho yake.

Tuliporudi nyumbani niliingia uwanjani peke yangu, mtoto akiwa mikononi mwa Mama ndani ya bajaji, kwa sababu Simba hakuwa ameniona kwa siku kadhaa na furaha yake ya kunipokea ingekuwa ya kuruka na kuparamia. Nikamsalimu, nikakaa naye kwenye ngazi za baraza mpaka mwili wake ulipotulia na mkia ukaacha kupiga ukuta. Ndipo mume wangu alipomfunga kamba na kumpeleka nyuma ya nyumba, na mtoto akaingia. Hatukuwakutanisha siku hiyo; wote tulikuwa tumechoka, na watu waliochoka hawana mikono ya haraka. Walikutana kesho yake asubuhi barazani, mimi nikiwa nimekaa na mtoto amefunikwa vizuri, mume wangu akiwa na kamba iliyolegea, kwa maana kamba iliyokazwa humwambia mbwa kwamba kuna hatari. Walisogea kutoka mbali, wakisimama kila hatua chache. Simba aliruhusiwa kunusa miguu ya mtoto iliyofunikwa, si uso wala mikono, kwa muda wa pumzi chache tu, kisha akaitwa akarudi nyuma kabla hajachoka au kusisimka. Zoezi fupi na lililoisha vizuri ni bora kuliko refu, na lilirudiwa kila siku mpaka mtoto akawa si habari tena.

Naomba nieleze jambo moja ambalo naona ndilo linalopuuzwa zaidi. Mama mwenye mtoto mchanga hupata nafasi ya kumshika mbwa wake pale tu mtoto anapolala, na kwa wema kabisa huitumia nafasi hiyo kumbembeleza. Mbwa naye hujifunza kwamba mtoto akiwa macho yeye husahauliwa, na mtoto akitoweka ndipo mapenzi hurudi. Sisi tuligeuza mambo. Dagaa, maneno mazuri na kukunwa nyuma ya masikio vilitolewa zaidi wakati mtoto yupo: ninaponyonyesha barazani Simba amelala kando ya kizuizi na mume wangu yuko naye, mtoto anapoogeshwa, mtoto anapolia. Mtoto alipolala, nyumba nzima ilitulia na Simba pia aliachwa apumzike. Ndani ya muda mfupi ilikuwa dhahiri kwamba akisikia mtoto ameamka anainuka kwa mkia wa furaha.

Kwa kweli mtoto hakuwa mgumu kwake kama wageni. Kwa mila zetu mzazi hatembelewi na mtu mmoja mmoja. Wanakuja kina mama kwa makundi, na vigelegele vinaanzia getini, na wengine wana mabeseni ya unga na sukari kichwani. Simba alifundishwa maisha yake yote kwamba mgeni anayeingia bila kuitwa ni wa kubwekewa, na sasa wanaingia kila saa na kumwendea yule yule mtoto anayeambiwa amlinde. Tuliona mapema kwamba hapo ndipo ajali ingeweza kutokea. Tukatengeneza nyuma ya nyumba banda pana lenye kivuli, maji na mfupa wa kutafuna, tukaanza kumzoesha kukaa humo kabla ya uzazi ili asilione kama adhabu. Wageni wakifika, anaingia bandani. Wakiondoka, anatoka na kutembezwa. Mnyororo tuliukataa, kwa sababu mbwa aliyefungwa mahali pamoja hana pa kukimbilia akiogopa, na asiye na pa kukimbilia hujitetea kwa meno. Jirani yetu mmoja Mwislamu alitueleza kwa upole kwamba mate ya mbwa kwao ni najisi, na chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Tulimhakikishia kwamba vyombo vya Simba vina mahali pake na kamwe havichanganyiki na vyetu, na kwamba akija Simba atakuwa bandani. Alikuja karibu kila siku, na uji wake wa pilipili manga ndio ulioniinua kitandani.

Alasiri moja Simba alikuwa amelala kwenye kivuli cha jabali, na shemeji yangu akataka kumruka akiwa amembeba mtoto. Simba akanguruma. Mama akashika fimbo. "Mama, naomba tusimpige," nilimwambia, "ametuonya tu." Nilimweleza nilivyoelezwa na daktari wa mifugo: mbwa huzungumza kwa mwili kabla ya kunguruma. Hupiga miayo bila usingizi, huramba midomo bila chakula, hugeuza uso, huonyesha weupe wa jicho pembeni, hukakamaa. Asiposikilizwa hunguruma, na asiposikilizwa tena hung'ata. Akipigwa kwa kunguruma, hofu yake haiondoki, kinachoondoka ni onyo, na siku nyingine atang'ata kimya kimya. Mama aliishusha fimbo, akafikiri, kisha akasema kwamba machungani kwao mbwa aliyekuwa anapigwa sana na wavulana ndiye aliyekuwa hasikiki mpaka ameshashika mguu wa mtu. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Akiwa anachambua mchele angesema bila kuinua sauti, "Mwanangu, Simba anaramba midomo, mtoe mtoto hapo," na kila alipoangalia alikuwa sahihi.

Ujuzi huo tuliuhitaji zaidi mtoto alipoanza kutambaa, na hapa ndipo ninapowaomba wazazi wasilegeze. Wengi huona kwamba miezi ya kwanza ikipita salama kazi imekwisha, ilhali mtoto mchanga hukaa pale alipowekwa, na anayetambaa humfuata mbwa mpaka kwenye chakula chake, humshika sikio, humlalia akiwa usingizini. Watoto wadogo wanaong'atwa, mara nyingi hung'atwa na mbwa wanayemfahamu, nyumbani kwao wenyewe. Bakuli la Simba likahamia bandani kabisa, akala mlango umefungwa. Gunia lake likawa mahali ambapo mtoto haruhusiwi kufika kwa namna yoyote, ili mbwa ajue kuna sehemu moja duniani ambako hatafuatwa. Nakumbuka binti yetu akijivuta juu kwa kushika manyoya ya ubavuni mwa Simba, amefumba ngumi kwa nguvu zake zote. Simba hakusogea. Aligeuza kichwa upande wa ziwa, akaramba midomo mara mbili. Mume wangu alikuwa hatua moja kutoka kwao. Akafungua vidole vya mtoto kimoja kimoja, mimi nikamwita Simba, akaja, akapewa dagaa. Mtu asiyejua angesema mbwa ni mpole na mtoto aachwe acheze. Upole wa mbwa una mwisho, na ni kazi ya mtu mzima kuhakikisha haufikiwi. Hatujawahi kuwaacha wawili peke yao, hata kwa muda wa kwenda kuzima jiko, na anayetoka barazani humchukua mmoja wao. Kidogo kidogo tukamfundisha binti yetu kupapasa kwa kiganja kilicho wazi, kifuani na ubavuni, na Simba akiondoka asifuatwe.

Tangu mwanzo mimi na mume wangu tulikubaliana ni mambo gani yangetufanya tumwondoe Simba bila kungoja: kumkodolea mtoto macho huku mwili umekakamaa, kumnyemelea jinsi anavyowanyemelea kenge kule ufukweni, au kumrushia meno bila onyo. Hakuna hata moja lililotokea, lakini tulikuwa tumekwisha kuzungumza na ndugu wa mume wangu aliyeko Misungwi, ambaye watoto wake ni watu wazima, na alikuwa tayari kumpokea. Familia ikifika huko haina sababu ya kuona aibu, kwa kuwa si kila mbwa anaweza kuishi na mtoto. Ila isimtelekeze barabarani au karibu na soko, mahali atakapokutana na watoto wa watu wengine akiwa na njaa na hofu. Atafutiwe nyumba isiyo na watoto wadogo, anayempokea aelezwe ukweli wote wa kilichotokea, na akabidhiwe pamoja na kamba yake, bakuli lake na kadi ya chanjo yenye tarehe ya sindano inayofuata.